Andikeni Shamba Kabla ya Maji

Wanangu, nimewasikiliza mpaka wa mwisho, na sikumkata mtu neno. Mmesema serikali imetusahau. Mmesema mihogo imeoza chini ya maji, mpunga umefunikwa na mchanga, ziwa limepanda mpaka kwenye michikichi, na wale waliokuja kuandika majina waliandika, wakaondoka, hawakurudi. Sina nguvu ya kubishana na kweli, wala sina hamu ya kuwatuliza kwa maneno matamu. Lakini kuna jambo ambalo nililisema kwa wazee wenzangu, ambao wengi wao wako kaburini sasa, na nitalisema kwenu pia, polepole, maana nimechoka na ukali haukutusaidia.

Msaada wa janga humfikia aliyeandikwa. Aliyepoteza bila kuandikwa hubaki na hasara yake na maneno yake. Na shamba ambalo halikuandikwa likiwa na mazao, haliandikiki tena likiwa tope.

Sisi wa kando ya ziwa Tanganyika maji tunayajua kwa namna mbili. Kuna maji ya juu, yanayoshuka kutoka milimani kwa usiku mmoja yakiwa yamebeba mawe na miti. Na kuna maji ya ziwa lenyewe, ambayo hayana haraka: yanapanda kidole baada ya kidole, mwezi baada ya mwezi, mpaka unapiga kasia mahali ulipokuwa ukipalilia. Mwaka 1964 ziwa lilipanda sana, mwaka uleule wa vita vya Mulele, ninyi hamjazaliwa. Likapanda tena 2020 na 2021, na tena 2024. Ziwa lote lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na mvua ikizidi uwezo wa mlango ule, maji hayana pa kwenda ila kwenye nyumba zetu na mashamba yetu.

Maji ya juu ndiyo yanayoua. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipita katikati ya Uvira ukabomoa nyumba kwa maelfu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, maji yaliingia Nyamukubi na Bushushu kule Kalehe, watu zaidi ya 400 wakafa, na Kinshasa ikatangaza siku ya maombolezo ya taifa. Kisha ikafika zamu yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 maji yalishuka Kasaba, kijiji cha kando ya ziwa katika teritori hii yetu ya Fizi. Hesabu ya kwanza ilisema wafu 62. Zilizofuata zikapita 100. Wengi walikuwa watoto na wazee waliokuwa wamelala.

Naomba mzitazame hizo namba mbili bila haraka. Ikiwa hata maiti, ambao kila mmoja ana mama na ana jina, hesabu yao inaweza kupishana kiasi hicho kwa siku chache, nani leo anaweza kusimama aseme mashamba ya Kasaba yalikuwa mangapi, ya nani, yamepandwa nini?

Njia ya habari ya hasara kwetu ni ndefu. Kapita, mkuu wa kijiji, anamwambia chifu wa kikundi. Chifu wa kikundi anapeleka kwa chifu wa sekta, iwe Mutambala, Tanganyika, Ngandja au Lulenge. Agronomu wa sekta anakwenda kuona, kama yupo, kama ana pikipiki, kama kuna petroli, kama njia haina watu wenye bunduki. Kisha habari inapanda kwa administrateri wa teritori, inakwenda jimboni, na ikifika jimboni inasubiri Kinshasa. Kila ngazi inaandika upya, na kila ngazi inakadiria. Jimbo lenyewe mnajua limekuwa wapi: waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na Desemba ya mwaka huohuo Uvira nayo ikatekwa, watu wakamiminika kuja huku kwetu na magodoro kichwani. Karatasi za hasara zilizokuwa kwenye makabati ya ofisi hizo hazikubebwa na mtu kichwani. Kijiji ambacho hakikubaki na nakala yake kimebaki bila ushahidi.

Na kinachokuja, kikija, ni cha kuokoa uhai. Unga, maharage, mafuta, chumvi, sufuria, mashitingi, sabuni, dawa ya kusafisha maji kwa sababu ya kipindupindu ambacho Baraka na Fizi tunaishi nacho. Siwalaumu walioleta. Kuna watoto wanaotembea leo kwa sababu ya unga ule. Lakini kulipwa shamba lililopotea ni jambo jingine, na kwetu halijawa desturi hata kidogo. Tumezoea kuhesabiwa kama midomo. Hatujawahi kuhesabiwa kama wakulima.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko mnavyodhani, nanyi mlioshika jembe mnielewe vizuri. Muhogo ukikaa ndani ya maji siku chache mizizi inaoza. Aliyepoteza mahindi au maharage anaweza kutafuta mbegu sokoni, hata kwa deni. Aliyepoteza muhogo amepoteza chakula cha mwaka huu na mbegu ya mwaka ujao kwa pigo moja, maana mbegu ya muhogo ni mti wake wenyewe, na mti ule hauwekwi kwenye gunia ukakusubiri. Ataenda kuomba miti kwa jirani wa mlimani. Jirani naye ana yake ya kupanda. Basi italetwa miti kutoka mbali kwa lori, bila mtu kuikagua, na ndani yake kuna batobato, au ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia ambao majani yake hayatishi sana. Mtu analima, anapalilia, anangoja mwaka mzima, na siku ya kung'oa ndipo anapokuta mizizi imekauka ndani kama kuni iliyooza. Huyo amepata hasara mbili, na ya pili aliletewa kwa jina la msaada.

Tena kuna kalenda. Msimu A wetu unaanza Septemba, msimu B Februari. Jembe na mbegu zikifika katikati ya kiangazi, au mvua ikiwa imeshapita wiki sita, zinaenda sokoni, na hatuna haki ya kumlaumu mama aliyeziuza kununua dawa ya mtoto. Mkulima anasaidiwa kwa siku zake. Ili mtu wa ofisini ajue siku hizo, lazima awe na karatasi mbele yake inayosema hapa palikuwa na karanga, zilibakiza mwezi mmoja kuvunwa; hapa palikuwa na mpunga, ulikuwa umeanza kutoa masuke. Karatasi hiyo nani anayo?

Sasa nije kwenye listi, na hapa mnivumilie, maana hapa ndipo panaponiuma.

Listi nazijua. Nilikula posho ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ng'ambo kule mkoa wa Kigoma, pamoja na wengi wa rika langu waliovuka ziwa tangu 1996. Tulipoanza kurudishwa mwaka 2005, meli zikitoka Kigoma kuja hapa Baraka, tulipandishwa kwa listi na tukashushwa kwa listi. Listi yenyewe si mbaya. Pasipo listi anakula mwenye kiwiko kigumu, na mjane anabaki nyuma ya mstari na sahani tupu. Ubaya uko katika saa ya kuiandika. Sisi tunaiandika maji yakiwa bado kwenye magoti. Wageni wanakuja na magari mawili, wanataka majina kabla jua halijazama kwa sababu za usalama. Kapita anaandika nani? Anaandika wanaomjia akilini, na wa kwanza kumjia mtu akilini ni nduguze. Si lazima awe mwizi. Ni binadamu mwenye kalamu na saa tatu.

Kisha wanakuja walio wezi. Anakuja mfanyabiashara anayesema ongeza majina ya nyumba hamsini, tutagawana. Anakuja kijana wa kamati anayemwambia mama: jina lako nimelitia, ukipokea utanirudishia nusu. Na yupo anayemwambia binti neno baya kuliko hilo. Mnalijua. Sitalitamka mbele ya mama zenu, lakini anayelisema ajue kwamba tunamjua, na kwamba uzee wangu hautanizuia kumtaja mbele ya chifu na mbele ya baba wa huyo binti.

Msidhani nawasingizia watu wa mashariki. Mwaka 2020 waandishi wa The New Humanitarian walitoa hadharani jinsi msaada wa haraka kwa deplase, watu waliokimbia makwao, ulivyokuwa ukiibiwa huku mashariki mwa Kongo: wafanyakazi wa misaada, wafanyabiashara na viongozi wa vijiji walikuwa wakikubaliana kuongeza majina ya watu wasiokuwepo, kisha wakagawana. Shirika moja tu, Mercy Corps, ambalo lenyewe liligundua na kuchunguza, lilipoteza dola zaidi ya laki sita. Watu wengi waliposoma habari ile walikasirikia mashirika. Mimi nilifikiria vile vijiji. Kila jina la uongo liliandikwa mbele ya jirani ambaye alijua kwamba nyumba hiyo haipo, na akanyamaza, labda kwa kuogopa, labda kwa kuwa naye aliahidiwa kilo kumi za mchele.

Na matunda ya kunyamaza huko tunayala mpaka leo. Mama wa Swima aliyepoteza shamba kweli akifika mbele ya mgeni na kilio chake, anaangaliwa kwa jicho la kumpima. Anaulizwa maswali ya mshitakiwa. Anaambiwa alete kadi ya mpiga kura, hizi kadi za juzi ambazo maandishi yanafutika zikikaa mfukoni, na kadi yake imeondoka na nyumba. Mwenye kutengeneza listi ya uongo anayo kadi, anayo simu yenye namba ya kupokelea pesa, anayo mihuri. Mwenye kweli hana kitu. Tulipouza kweli ya kijiji, aliyelipa ni yeye.

Wengi wa wale tuliokuwa nao Nyarugusu walichukuliwa kwenda Marekani, nanyi mnazungumza nao kila siku kwa WhatsApp. Waulizeni jinsi mkulima wa huko anavyolipwa mvua ya mawe ikipiga mahindi yake, au ukame ukimkaushia malisho. Mtashangaa. Kazi kubwa inafanyika kabla ya janga. Kila msimu mkulima anapeleka kwenye ofisi ya kilimo ya kaunti yake hesabu ya eka zake: zao gani, shamba lipi, limepandwa lini. Inawekwa kwenye kumbukumbu pamoja na ramani. Janga likija, ofisi haianzi kuuliza wewe ni nani. Inafungua kumbukumbu. Na kando ya ofisi hiyo kuna kamati ya wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, maana wao ndio wanaojua kama shamba fulani lilikuwa na mazao au lilikuwa na majani.

Nimewaambia hilo ili muone kwamba jambo linawezekana. Sasa sikilizeni upande wa pili wake, ambao ni muhimu zaidi kwetu. Kamati hizohizo za kaunti, zilizochaguliwa kwa kura, ziliwanyima wakulima weusi haki yao kwa miaka mingi. Mikopo yao ilicheleweshwa mpaka msimu upite, malipo yao yakapunguzwa au yakakataliwa, na malalamiko waliyoyapeleka kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 yalilala ofisini bila kuchunguzwa. Mkulima mmoja wa North Carolina, Timothy Pigford, akafungua kesi pamoja na wenzake mwaka 1997. Mwaka 1999 serikali ikakubali kulipa, na malipo yale yakapita dola bilioni moja. Mwaka 2010 ikakubali bilioni moja na robo nyingine kwa walioachwa nje. Wapo waliokufa wakisubiri, na mashamba yao yameshauzwa kwa madeni. Kura, kamati, kumbukumbu, ramani, vyote vilikuwepo. Kalamu ilikuwa mkononi mwa watu wa kabila moja, na waliona haya kidogo sana.

Ninyi mnajua kwa nini nayasema haya hapa Fizi. Hapa kuna Mbembe, kuna Mfuliiru, kuna Mbuyu, kuna Mnyamulenge, kuna deplase wa vita vya juzi na wa vita vya zamani. Damu imemwagika kati yetu, na mimi nimezika. Siwaambii msahau. Lakini mkifungua daftari la mashamba na mkaliacha shamba la jirani kwa sababu ya lugha ya mama yake, daftari hilo limekufa siku hiyohiyo. Ataandika lake. Mtakuwa na madaftari mawili ya ardhi moja, na hayo ni maandalizi ya vita, si ya msaada. Ng'ombe aliyekufa kwenye maporomoko Minembwe na muhogo uliooza Mboko ni hasara za teritori moja.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Kaskazini mwa Kenya, katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, serikali na wafadhili waliandikisha karibu kaya zote mapema na kufungulia nyingi akaunti za benki, zile za kulipwa kila mara na zile za kulipwa wakati wa ukame tu. Setilaiti inapima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango fulani, pesa zinaingia kwa kaya zilizokwisha kuandikwa. Nako kuna malalamiko, nako kuna walioachwa. Lakini mfugaji wa Wajir haandikwi mara ya kwanza siku ambayo ng'ombe wake amelala chini.

Nasema hivyo bila kuisamehe serikali yetu. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 iliweka mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo, na miaka mingi kabla yake, mwaka 2003 kule Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutoa sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa kilimo. Hapa bondeni mtu akiniuliza mfuko huo unaonekana wapi, sina shamba la kumwonyesha. Deni hilo lipo, na lidaiwe. Lidaiwe kwa mbunge anayekuja na fulana wakati wa kura, lidaiwe jimboni, lidaiwe kila mara waziri akisimama mbele ya makaburi na kuahidi. Ila mdai asiye na hesabu mkononi anaitwa mlalamikaji, na mlalamikaji hupewa soda na kurudishwa nyumbani.

Basi fanyeni hivi.

Nunueni daftari nene la jalada gumu, moja kwa kila kijiji. AVEC zenu, vile vikundi vya kuweka akiba, zinajua kutunza daftari. Mama zenu wanaweka akiba ya pesa za watu thelathini na haipotei hata franga mia, kwa hiyo nikishauri kalamu ikae kwa nani, nashauri ikae kwa mama mmoja na kijana mmoja ambao si ndugu wa kapita. Andikeni wakati mazao yako shambani na jicho linayaona. Jina la shamba au la kilima, nani analima, amepanda nini, mwezi gani, ukubwa kwa hatua kama hamna kamba. Pigeni picha kwa simu mkulima akiwa amesimama ndani ya shamba lake, na picha ziende kwenye simu zaidi ya moja, maana simu nayo huibiwa. Halafu nakala mbili: moja kwa agronomu wa sekta, na atie sahihi kwamba ameipokea, nyingine kanisani au msikitini, mahali pasipochomwa kwa urahisi.

Nimesema nani analima. Nalirudia kwa sababu hapo ndipo wengi watakosea kwa makusudi. Mwenye ardhi mara nyingi si mwenye muhogo. Mama aliyekodi kipande kwa msimu, akalipa pesa au akaahidi sehemu ya mavuno, yeye ndiye aliyenunua mbegu, yeye ndiye aliyeinama. Maji yakija, mwenye ardhi bado ana ardhi. Mama huyo hana kitu na ana deni. Kama mtaandika jina la mwenye ardhi peke yake, malipo yataenda kwa ambaye hakupoteza, na mtakuwa mmemwibia mama kwa maandishi mazuri. Andikeni wote wawili: huyu ardhi, huyu mazao. Na mke aandikwe kwa jina lake. Nimeona nyumba zenye wake wawili zikiandikwa jina la baba, na mgao ukaishia nyumba ya mke mdogo. Mke mkubwa aliyelima akalala na watoto bila moto.

Kisha lisomwe. Mara mbili kwa mwaka, baada ya kupanda, daftari lisomwe mbele ya watu wote, jina kwa jina, kwa sauti, na kila mtu awe na ruhusa ya kusema: hapo hapajalimwa, nimepita jana. Najua itawauma. Kumwambia jirani mbele ya watu kwamba shamba lake la mpunga halipo ni jambo zito, na lubunga, mabaraza yetu, zimevunjika kwa madogo kuliko hilo. Lakini afadhali aibu hiyo ya alasiri moja kuliko ile ya mgeni kutuona sote waongo. Na anayesema asikilizwe bila kutishwa, hata akiwa kijana, hata akiwa mgeni kijijini.

Mtaniuliza, na mna haki: tukiandika yote hayo, nani atatulipa? Wanangu, sitawadanganya. Huenda mwaka huu asilipe mtu. Huenda daftari likajaa, likaliwa na panya, mkafungua la pili kabla ya kuona franga moja. Mimi siwezi kuahidi kwa niaba ya Kinshasa. Lakini sisi tuliorudi kutoka Tanzania tulikuta watu wengine kwenye mashamba yetu, na wao walikuwa na hoja zao, walilima wakati sisi hatupo. Kesi zile zilijaa kwa machifu, zingine zikaisha kwa panga. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha nani alilima wapi. Daftari hili, hata serikali isipolipa, litasema. Litasema pia nani ana miti ya muhogo mizima mlimani wakati bonde limezama, ili watu wajue pa kukopa mbegu kabla ya lori la mbali. Litawaambia siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, muanze kwa shamba la nani kuondoa mchanga. Na mgeni akija na magari yake mawili na saa zake tatu, hamtaanza kukumbuka majina. Mtamfungulia ukurasa, mtamwambia chagua shamba lolote hapa, twende tukaone.

Kwa machifu na makapita nina neno fupi, maana ninyi ni watu wazima. Najua hamlipwi, au mnalipwa kidogo na kwa kuchelewa. Najua kila anayepita anataka mkono wenu na hakuna anayeuliza watoto wenu wanasomaje. Kwa hiyo kijiji kinachotaka daftari la kweli kimpe kapita wake kitu cha halali, kwa wazi, kwenye mkutano: siku za kulimiwa, sehemu ya mavuno, chochote mtakachokubaliana. Mtu aliyeachwa na njaa karibu na listi ya chakula tunamjaribu kuliko inavyofaa kumjaribu binadamu. Akishapewa chake na bado akauza majina, hapo mwondoeni bila huruma.

Kuna swali moja mlilolinong'ona bila kulisema wazi, nami nililisikia: wakimbizi Warundi wa kambi za Lusenda na Mulongwe huku kwetu, wanaolima vipande pembeni ya kambi, nao waandikwe? Waandikwe. Nasi tulilima vipande vya watu Kigoma, na mvua ilipoviharibu hakuna aliyetuandika. Shamba lao lina mihogo, nalo hufikiwa na maji yaleyale.

Msimu A unafunguka Septemba. Daftari linunuliwe kabla ya hapo, na kurasa za kwanza zianze na mashamba ya wajane, maana hao ndio husahauliwa mkono ukichoka kuandika.